Shati la Nembo ya Kisima

Wilondja alikuwa mtu wa maneno machache, ila ukimgusia nembo ya mji wake, umejitakia mwenyewe. Utakaa, na chai yako itapoa. Atalinyoosha shati lake la kazi, la buluu, akuoneshe pale kifuani upande wa moyo, kisha akueleze uzi kwa uzi mpaka useme basi, baba, nimeelewa. Na hata ukisema umeelewa, atarudia.

Mji wenyewe ni Tarver Wells, kaskazini ya Dallas, ukishaipita Carrollton. Ni mji mdogo. Watu wengi wanaupita bila kujua kama wameupita. Wilondja aliufanyia kazi miaka sita, idara ya maji, kuziba mabomba yaliyopasuka. Siku ya kwanza ya kazi waajiriwa wapya walisimamishwa mbele ya nembo kubwa ukutani wakaelezwa maana yake, na katika wale kumi na mmoja nadhani aliyesikiliza ni yeye peke yake. Njia ya reli iliyo chini, aliambiwa, ni ya waliokuja. Mti wa pekani ulio kulia ni wa waliobaki, kwa sababu mfuko wa kwanza wa barua ulitundikwa kwenye tawi lake kabla mji haujapata posta. Katikati ni kisima. Nchi ile ilikuwa kavu, na treni za mvuke zilikuwa na kiu kuliko ng'ombe. Maji yalipopatikana pale treni ikasimama, iliposimama watu wakashuka, na waliposhuka wakajenga.

Juu ya ukingo wa kisima kulikuwa na ndoo tatu, na hizo ndizo zilizomnyima usingizi. Kisima kimoja, kamba moja, ndoo tatu za nini? Msimamizi wake alimwambia ni pambo tu. Wilondja hakukubali, alisema watu hawawezi kushona kitu kwenye vifua vya wafanyakazi mia mbili kwa ajili ya pambo. Basi akajitungia jibu: ndoo ya mwenye nyumba, ndoo ya mpita njia, na ndoo ya yule ambaye bado hajafika. Mkewe, Orpa, alilisikia jibu hilo kanisani, kwenye ubatizo wa watoto wa watu, hata kwenye foleni ya daktari wa meno, akawa anakohoa ili mumewe anyamaze. Sasa anatamani alisikie tena, hata mara mia.

Maana Wilondja alifariki mwezi wa nane, ndani ya mtaro, saa nane mchana, siku ambayo joto lilikuwa kali hata mbwa hawatoki uvunguni. Wenzake walidhani amepiga magoti kukaza nati. Walipomgusa bega, moyo ulikuwa umeshasimama.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipoanzia, na lilianza kwa nia njema. Kwa ukoo wa Wilondja, watu wa Fizi kule Kongo, mwanaume hafi akaacha kiti kitupu. Siku ya kuondoa matanga, nguo za marehemu zinatolewa, wazee wanachagua ile aliyoipenda kuliko zote, na mdogo wake anavishwa mbele ya watu. Akishavaa, yeye ndiye baba. Mtoto akiugua anaambiwa yeye. Posa ikija, anayejibu ni yeye. Anayeweza kumvua ni mjane peke yake, na akimvua, amemkataa, na nguo ile haivaliwi mara ya pili.

Wazee waliokaa kwenye nyumba aliyopanga Wilondja pale Carrollton hawakuhitaji hata kushauriana. Suti ilikuwepo, ya harusi. Koti la ngozi lilikuwepo. Wote wakasema kwa sauti moja: lile la kisima. Shati la buluu likaletwa likiwa limepigwa pasi, na Émile, mdogo wake Wilondja aliyetoka Houston, akavishwa huku analia kama mtoto. Hakuna mtu hata mmoja aliyejiuliza shati lile ni mali ya nani. Kwetu sisi, nguo uliyotokwa nayo jasho miaka sita ni yako.

Na Émile alibadilika, kusema kweli. Zamani alikuwa mtu wa mizaha na wa kuchelewa. Ukimwalika saa sita anakuja saa kumi, tena na njaa. Baada ya kuvishwa alipiga simu kila jioni akitoka kazini kwenye ghala. Jumamosi moja ndiyo, moja hapana, aliendesha gari mwendo wa saa nne kutoka Houston kuja kumwona Zoé, binti pekee wa kaka yake, ambaye alikuwa anasomea mambo ya kompyuta chuoni Richardson. Zoé alipofeli mtihani wa hesabu hakumwambia mama yake. Alimwambia Papa Émile, na Papa Émile akaja, akampeleka kula kuku, wakarudi wanacheka. Orpa aliwatazama kupitia dirishani akamshukuru Mungu.

Kijana Vital, ambaye wazazi wake wanakaa DeSoto, alipoanza kumpenda Zoé, mambo yalipelekwa kwa Émile kama inavyotakiwa. Émile akapanga siku: Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, wakwe waje kujitambulisha. Alisema atakaa kwenye kiti cha kaka yake akiwa amevaa shati la kaka yake, na asiyelipenda shati hilo arudi DeSoto.

Mwezi wa pili ikaja barua.

Ilikuwa na nembo ya mji juu, na ndani iliandikwa kwamba aliyekuwa mfanyakazi Wilondja hajarudisha mali ya mji, yaani mashati matano yenye nembo, na kwamba yasiporudishwa katika siku thelathini suala hilo linaweza kupelekwa mbele kwa hatua zaidi. Zoé aliisoma, akajibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea kumjibu mama yake tangu akiwa darasa la tatu, kwamba hii si kitu, wanaituma kwa watu wote, itupe. Orpa hakuitupa. Aliiweka ndani ya Biblia, kisha akaitoa akaisoma tena, na tena.

Wenzangu, msimcheke. Orpa alikaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka kumi na minne. Aliona jirani yake akipuuza karatasi moja, karatasi ndogo tu ya kurudisha turubai, na jina lake halikuonekana tena kwenye orodha ya wanaosafiri kuja Marekani. Mpaka leo yuko kule. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na wakati huo Orpa alikuwa ameshaomba uraia, anangoja kuitwa Irving kwa mahojiano, na kwenye ile fomu ndefu alikuwa ameapa kwamba hadaiwi na serikali wala hajavunja sheria. Alipiga simu kwenye namba ya barua mara tatu. Mara zote ilijibu mashine, na Orpa hajui kuongea na mashine. Aliogopa, basi. Mchana alikuwa anawaogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, mikono inafanya kazi, akili inahesabu siku thelathini.

Mashati manne yalikuwa kabatini. La tano lilikuwa Houston, kifuani kwa Émile. Shetani wa uongo alimnong'oneza aseme lilipotea, lakini Orpa si mtu wa kudanganya serikali. Yeye hata kwenye taa nyekundu isiyo na gari husimama. Jumamosi, wiki tatu kabla ya siku ya wakwe, aliwasha gari akashika barabara ya kusini bila kumwambia Zoé.

Émile anakaa Houston mtaa wa Gulfton, ghorofa ya pili. Alimfungulia mlango akiwa amelivaa shati lenyewe, maana mwisho wa wiki alikuwa halivui. Alifurahi mno. Alidhani shemeji amekuja washauriane habari za wakwe, akaanza kueleza nani atakaa wapi, soda ngapi, nani azuiwe kuongea sana. Mkewe Anastasie alileta ugali na samaki na sombe ya majani ya muhogo. Watoto wao watatu walikaa mezani. Orpa alikula matonge mawili, akaitoa barua kwenye mkoba.

Alieleza yote. Alieleza barua, alieleza uraia, alieleza jirani wa turubai ambaye Émile mwenyewe alimfahamu. Alisema sana, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumsaidia. Anastasie aliuliza kama mji mzima wenye mabomba na magari unaweza kukosa usingizi kwa shati moja. Orpa akasema hajui, ila barua imesema matano.

Émile hakubisha. Alinawa mikono. Akaanza kufungua vifungo pale pale mezani, mbele ya mkewe na watoto wake, kimoja kimoja, akabaki na singileti. Alilikunja shati taratibu, nembo ikabaki juu, akalisukuma mbele ya Orpa kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema, "hili nilivishwa mbele ya watu. Leo umenivua mbele ya watoto."

Orpa alisema hakuja kumvua, ni serikali.

"Serikali haikuendesha gari saa nne," Émile alisema. "Umekuja wewe. Lakini nimeelewa. Kula, chakula kinapoa."

Alimsindikiza mpaka kwenye gari akiwa na ile singileti, na upepo wa mwezi wa pili si wa kuchezea hata kule Houston. Akakagua magurudumu, akamwambia asiendeshe kwa haraka. Adabu yote aliitimiza. Orpa alilia kutoka Gulfton mpaka alipopita Huntsville, shati likiwa kwenye kiti cha pembeni, na mara mbili alitafuta mahali pa kugeuza gari. Hakugeuza. Hilo ndilo analojilaumu mpaka leo kuliko yote, na mimi sina la kumtetea nalo.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisi za mji wa Tarver Wells na mfuko wa mashati matano. Kwenye kioo cha mlango hapakuwa na kisima. Palikuwa na wimbi moja la buluu na herufi T. Orpa alirudi nje akasoma jina la jengo, akidhani amekosea mlango.

Hakuwa amekosea. Aliyempokea kwenye ofisi ya wafanyakazi alikuwa mama wa Kikenya, mtu wa Meru, anaitwa Kagendo, na alipoona jina la Orpa kwenye karatasi aliacha Kiingereza akaingia kwenye Kiswahili. Alimpa pole ya dhati. Alimkumbuka Wilondja. Huku anaongea alitandika shati la kwanza mezani, akachukua mkasi, akaikata nembo kwa kuizunguka, haraka, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Alieleza kwamba nembo imebadilishwa tangu Januari, baraza la mji limeona ile ya zamani ina vitu vingi na haionekani vizuri kwenye simu. Ya zamani inakatwa ili mtu asijifanye mfanyakazi. Nembo zinahesabiwa, zinatiwa kwenye bahasha na kusainiwa. Nguo inakwenda gereji kuwa matambara ya kufutia oili.

Shati la pili. La tatu. Orpa alitazama tu. La nne. La tano lilikuwa bado limekunjwa vile vile lilivyokunjwa Houston, na Kagendo alilikunjua akakata.

Ndipo Orpa alipouliza kama sasa jina lake ni safi, kama habari hii haitafika Irving.

Kagendo aliweka mkasi chini. Aliiomba ile barua, akaisoma, akamtazama Orpa, akaisoma tena.

"Mama," alisema, "hii inatumwa na kompyuta kwa kila anayeacha kazi. Wengi hawarudishi, na hakuna anayewauliza. Haina uhusiano wowote na uraia wako. Ungeniuliza ningekwambia ukae nayo tu."

Orpa alikaa. Hakulia, alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na bado anatafuta aliyempiga. Alimweleza Kagendo lile shati la tano lilikuwa limevaliwa na nani na kwa nini, na Kagendo, ambaye huko kwao anajua maana ya nguo ya marehemu, alijishika kichwa. Aliuangalia mlango, akalitoa shati lile la tano kwenye rundo la matambara akalirudisha kwenye mfuko wa Orpa. Nembo hakuweza kuitoa kwenye bahasha. Zilishaandikwa kuwa tano.

Kabla hajaondoka, Kagendo alimwambia jambo moja. Mwezi wa saba, Wilondja alifika pale kuuliza habari za ndoo tatu. Kagendo hakujua, akaahidi kuulizia maktaba, na jibu lilipokuja mwenye swali alikuwa ameshazikwa. Kisima kile, maktaba ilisema, kilichimbwa na vibarua wa reli. Kilipofika futi sitini kiliporomoka na kuwafunika vibarua watatu. Majina yao hayakuandikwa popote. Wenzao walichimba upande, wakapata maji, na kwa miaka mingi ndoo tatu ziliachwa pale ukingoni bila kutumika. Aliyechora nembo alizikuta kwenye hadithi hiyo akaziweka, na waliomfuata wakasahau. Orpa alimfikiria mumewe ndani ya mtaro, amepiga magoti, na ndoo tatu kifuani. Akaomba asindikizwe mpaka nje.

Usiku ule alilifua shati, akalipiga pasi. Palipokuwa na nembo palikuwa na tundu la mviringo, ukiliinua unaona ukuta. Alimpigia Émile. Alimwambia ukweli wote, kwamba barua ilikuwa ya mashine, kwamba amerudi nalo shati, kwamba amekosa, na kama wazee wakikubali avishwe tena, yeye Orpa atapiga magoti mbele yao. Émile alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, shemeji," alisema. "Lakini aliyevuliwa havishwi tena. Hiyo sheria sikuitunga mimi."

Simu za jioni zilikoma. Hakuzikatiza kwa hasira. Kila Zoé alipopiga alipokea, akamsalimia, akamuulizia masomo, kama baba mdogo yeyote anavyomuulizia mtoto wa kaka yake. Zoé alimuuliza mama yake kulikoni. Orpa alimwambia. Zoé aliingia chumbani. Siku nane baadaye Orpa aliitwa Irving. Afisa alimuuliza rangi za bendera na idadi ya maseneta, akampa mkono. Habari za shati hakuziuliza.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu wakwe walifika kutoka DeSoto, watu kumi na wawili, wamevaa vitenge vya namna moja. Sebule ilijaa. Kiti cha Wilondja kilikuwa mahali pake, kimetandikwa kitambaa cheupe. Émile alikuja, tena alikuja mapema kuliko wote, na Anastasie na makreti ya soda, akiwa na koti lake mwenyewe la kijivu. Orpa alimwonesha kiti kwa mkono. Émile alisema pale alipo panatosha, akakaa kwenye sofa karibu na mlango, kati ya wajomba.

Baada ya sala msemaji wa wakwe alisimama, mtu mzima mwenye sauti nzuri. Aliisifu nyumba, akaisifu safari, akasema wao ni wageni wenye heshima na wageni wenye heshima hawasemi shida yao kabla ya kumsalimia mwenye mtoto. "Tunaomba tuoneshwe baba wa binti," alisema.

Watu wote walimtazama Émile. Émile aliangalia zulia. Orpa alifungua mdomo, lakini kwenye shughuli hiyo mama hasemi, na wazee walikuwepo. Msemaji alidhani hakusikika, akarudia. Wajomba wakasogeasogea kwenye viti. Vital, maskini, alikuwa anafuta jasho.

Mlango wa chumbani ulifunguliwa. Binti hatoki mpaka aitwe, kila mtu anajua, lakini Zoé alitoka, amevaa kitenge chake kipya, akasimama nyuma ya kile kiti cheupe. Aliongea Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno.

"Nilikuwa na baba wawili," alisema. "Mmoja alikufa. Mwingine, mama alimvua."

Wale wa DeSoto nao ni watu wa Fizi, hawakuhitaji kutafsiriwa. Msemaji aliketi bila kumaliza salamu zake. Orpa alimwita Émile kwa jina, mara moja, kwa sauti ya chini, na Émile akajifunika uso kwa mikono miwili akalia mbele ya wageni, lakini hakuinuka kwenda kwenye kiti.